Jembe lisiwe fimbo ya kumwadhibia mtoto

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii huwa midomoni mwetu sisi walimu kila tunapotaka kumlaumu mzazi wa mwanafunzi mtukutu. Mimi niliielewa vyema siku iliponigeukia mwenyewe, tena kanisani, mbele ya watu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi hapa Wang'uru, mji ambao wasafiri waendao Embu huupita wakiufahamu zaidi kwa jina la Ngurubani na kwa mchele wake wa pishori. Watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa wameitwa mbele ya waumini wajibu maswali kuhusu kitabu cha Mwanzo. Mwalimu wao akauliza: Mungu alipomweka Adamu katika bustani ya Edeni, alimpa kazi gani? Mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi, aliinua mkono upesi na kujibu, "Alimwambia alime." Mwalimu akampongeza, kisha akamwuliza, "Na kwa nini alimwambia alime?" Mtoto akajibu bila kusita, "Kwa sababu alikuwa amekosa."

Kanisa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka. Jumanne ya juma hilo hilo nilikuwa nimegundua kwamba mtoto huyo amenidanganya kuhusu kazi yake ya shule, nami nikampa jembe na kumwagiza alime kipande cha nyuma ya nyumba mpaka jua litue. Majuma machache kabla ya hapo nilikuwa nimemwadhibu vivyo hivyo kwa kosa jingine. Jibu lake halikutoka katika Biblia. Lilitoka nyumbani kwangu.

Tangu siku hiyo nimelitafakari jambo hili kwa kina, na leo ningependa kuwashirikisha walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi ambao kesho watakuwa wazazi. Maoni yangu ni kwamba familia ya Kikristo inayotaka kuwalea watoto katika imani haina darasa lililo karibu zaidi kuliko bustani ndogo ya mboga. Lakini bustani hiyo itafundisha imani endapo tu mtoto atakabidhiwa kama amana, wala hatatupiwa kama adhabu.

Tuanze na Maandiko yenyewe, kwa kuwa ndiyo tunayodai kuyafuata. Katika sura ya pili ya Mwanzo, Adamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Habari ya nyoka, tunda na kuasi haiji mpaka sura ya tatu. Miiba, michongoma na jasho la uso ni mambo yaliyofuata baadaye. Kwa hiyo kazi ya bustani ilitangulia dhambi. Binadamu alipewa kulima akiwa bado rafiki wa Muumba wake, naye alipewa kwa heshima, kama mtu anavyokabidhiwa kitu cha thamani. Mtoto anayeamini kwamba Adamu alilima kwa sababu alikosa amezipindua sura hizo mbili, na sisi watu wazima ndio tuliomfundisha kuzipindua.

Wala jambo hili si la nyumbani kwangu peke yake. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, katika shule nilizopata kuziona kwa macho yangu, nafasi ya fimbo ilichukuliwa na jembe na fyekeo. Mwanafunzi aliyechelewa huambiwa afyeke nyasi. Aliyepiga kelele darasani hutumwa kulima shamba la shule. Aliyefaulu mtihani, kwa upande mwingine, huzawadiwa kwa kuachiliwa asilime siku hiyo. Kisha kengele ikilia, mwalimu yule yule huingia darasani na kuandika ubaoni kwamba kilimo ndicho uti wa mgongo wa taifa letu. Je, mwanafunzi aamini lipi? Aamini maneno ya ubaoni, au aamini malengelenge ya mikononi mwake?

Kwa sisi tunaoishi Mwea, jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya historia ya ardhi tunayoikanyaga. Mifereji inayoyaleta maji ya mito Thiba na Nyamindi katika mashamba ya mpunga ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mahabusu wa Mau Mau waliozuiliwa katika kambi za hapa. Hawakulima kwa hiari yao. Kila pigo la sururu lilikuwa sehemu ya kile ambacho serikali ya kikoloni ilikiita kuwarekebisha. Dhana kwamba mkosaji hurekebishwa kwa kuchimba udongo haikuanza na mimi, wala haikuanza na mwalimu wa zamu.

Baadaye ardhi hiyo iligawiwa wapangaji, kila mmoja akipewa takriban ekari nne za mpunga. Walikuwa wapangaji kweli kweli, si wenyewe. Chini ya kanuni za mwaka 1962, mpangaji aliyekaidi maagizo ya meneja angeweza kunyang'anywa kishamba chake. Mtoto naye alitambuliwa kuwa mtegemezi halali wa mzazi wake hadi alipotimiza umri wa miaka 18. Hebu fikiri, ndugu msomaji, kijana aliyekulia hapa alikuwa na hisia gani juu ya udongo huu! Tangu utotoni aliinama matopeni kupandikiza mpunga na kuwafukuza ndege, kisha umri wa utu uzima ulipomfikia, kanuni zikamhesabu kuwa mgeni.

Mama zetu nao walikuwa na shida yao. Mwaka 1973 kilichapishwa kitabu cha uchunguzi kuhusu mradi wa Mwea, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris. Ndani yake mna sura iliyoandikwa na Jane Hanger pamoja na Moris kuhusu wanawake na uchumi wa nyumbani. Inaeleza jinsi mwanamke aliyeolewa katika mradi alivyojikuta akifanya kazi nyingi katika mpunga ambao malipo yake yalipitia mikononi mwa mume, huku akikosa mahali pa kutosha pa kupanda maharagwe, mahindi na mboga za kuwalisha wanawe kama alivyozoea kwao. Alilazimika kununua vile ambavyo mama yake alikuwa akivichuma. Maji yalikuwa tele mbele ya mlango wake, lakini sufuria ilikosa mboga.

Najua kwamba mengi yamebadilika tangu hapo. Mwaka 1998 wakulima walikataa kuendelea kuiuzia Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji mpunga wao kwa masharti yake, na ugomvi huo ukaendelea hadi mwaka 1999 na kusababisha damu kumwagika. Tangu wakati huo mkulima ana sauti zaidi katika kuuza zao lake. Mwaka 2022 bwawa la Thiba lilizinduliwa ili kuongeza maji ya mashamba ya mpunga. Haya ni maendeleo ya kushukuriwa. Lakini maji ya mpunga hayawi mboga yenyewe kwa yenyewe. Bado kuna nyumba nyingi ambamo gunia la mchele limesimama kona moja, ilhali watoto wanakula wali na mchuzi mwepesi wa nyanya mbili siku baada ya siku.

Nimeyataja haya ili nieleze kwa nini bustani ndogo ya familia ina maana ya pekee hapa kwetu. Kwa miaka mingi mtu wa Mwea alilima kwa amri, akalima cha kuuza, akalima pasipo pake. Kumpa mtoto hatua mbili tatu za ardhi na kumwambia, "Hapa ni pako, panda upendacho, tutakula pamoja," ni kumfundisha jambo ambalo babu yake hakupewa nafasi ya kujifunza katika ardhi hii hii.

Katika milima ya Nyeri tunao mfano bora wa malezi ya namna hiyo. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisimulia katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006 kwamba mama yake alimpa kishamba chake mwenyewe ndani ya shamba la familia alipokuwa mtoto. Kwa kukosa subira, msichana huyo alikuwa akizifukua mbegu ili aone kama zimeanza kuota. Mama yake hakumchapa wala hakumcheka. Alimwelekeza tu azifunike na kuziacha zijitokeze zenyewe. Msichana huyo alikwenda kusoma kwa watawa wa Kikatoliki huko Mathari, na kutoka hapo akafika mbali. Mwaka 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, ambalo wanawake wake wamepanda mamilioni ya miti. Sisemi kwamba kila mtoto apewaye tuta la maharagwe atapata tuzo ya dunia. Nasema kwamba mama yule alimwamini mtoto kwa ardhi kabla mtoto hajastahili kuaminiwa, na imani hiyo ikaota.

Sasa nieleze jinsi tulivyoanza nyumbani, maana ushauri usio na mfano ni kama debe tupu. Baada ya aibu ile ya kanisani, nilizungumza na mama watoto wangu, naye akanikumbusha kwamba alikuwa ameniomba nafasi ya mboga kwa miaka mitatu bila kusikilizwa. Tukakubaliana. Jioni ya Jumamosi tuliwaita watoto wote watatu nyuma ya nyumba. Nilimwomba radhi mwanangu mbele ya wenzake kwa kumfanya alione jembe kuwa fimbo. Kisha tukapima kwa kamba, kila mtoto akapata tuta lake, na wazazi tukabaki na letu.

Udongo wa Mwea ni wa aina mbili. Upo ule mweusi wa mashamba ya mpunga, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na upo mwekundu wa vijijini, ambao unakubali mboga vizuri zaidi. Sisi tulibahatika kuwa na mwekundu, ingawa ulikuwa umechoka. Tuliuchanganya na samadi iliyooza vyema. Matandazo hatukuyatafuta mbali, kwa kuwa majani makavu ya mpunga na kumvi za vinuni zimejaa kila mahali hapa. Ukiyatandaza majani hayo juu ya tuta, unyevu haupotei upesi na magugu hupungua. Jirani yetu aliyepanga chumba kimoja mjini alitumia magunia. Aliyajaza udongo na samadi, akatoboa matundu ubavuni na kupandikiza sukuma wiki. Kwa hiyo yule anayesema hana shamba, asikate tamaa kabla hajatafuta gunia.

Kuhusu mbegu, nashauri watoto waanze na mchicha na kunde. Mchicha huweza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne, na mtoto anahitaji kuuona ushindi wa kwanza mapema. Sukuma wiki hukaa kitaluni kama mwezi mmoja kabla ya kupandikizwa, kwa hiyo inamfaa yule aliyekwisha kujifunza kungoja. Mnavu, ambao hapa kwetu tunauita managu, nao usisahauliwe. Watoto wa siku hizi huudharau wakidhani ni gugu, hadi watakapoonja uliopikwa vizuri. Maji yaliyooshea mchele na mboga tunayatumia kumwagilia, bora yasiwe na sabuni. Jambo moja ni la kuangaliwa sana: watoto wasiingie mferejini kuteka maji, kwa sababu ugonjwa wa kichocho unafahamika sana katika mifereji ya Mwea. Mboga nazo zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Bustani yetu ina masharti matatu tu. Kwanza, tuta ni la mtoto, na mzazi hachumi humo bila kumwomba. Pili, hakuna mtu atakayetumwa bustanini kwa sababu amekosa. Makosa yana njia zake nyingine za kurekebishwa. Tatu, katika kila mavuno, mtoto huchagua mwenyewe sehemu ya kumpa mtu asiye wa nyumba hii. Sharti hili la tatu tulilitoa katika sheria ya Musa, ambayo iliwakataza Waisraeli kuvuna mpaka pembe za mashamba yao ili maskini, mgeni na mjane wapate. Ni kwa desturi hiyo Ruthu aliokota masuke katika shamba la Boazi na kumlisha mama mkwe wake.

Matunda ya masharti hayo yalinishangaza. Msichana wetu mdogo, ambaye hapo awali alikuwa akitoa sarafu ya sadaka niliyomtilia mkononi bila kujua maana yake, alichuma fungu la mchicha wake wa kwanza na kulipeleka kwa ajuza mmoja anayeishi peke yake ng'ambo ya barabara. Alirudi akiwa ametulia sana. Tulipomwuliza kuna nini, alijibu kwamba ajuza yule alimshika mkono na kumwombea. Mtoto huyo alikuwa amehudhuria mafundisho mengi juu ya ukarimu. Lakini siku hiyo alikuwa ametoa kilicho chake, naye akaona uso wa aliyepokea.

Alijifunza pia kushindwa. Kuku wa jirani waliingia alasiri moja na kulichakura tuta zima la kunde. Alilia. Hatukuwa na jibu rahisi la kumpa, isipokuwa kumsaidia kujenga ua wa fito na kupanda upya. Mtoto wa Kikristo anapaswa kulijua hilo mapema, kwamba kumcha Mungu hakumzuii kuku kuingia bustanini. Imani iliyolelewa kwa ahadi za mafanikio peke yake hunyauka siku ya kwanza ya jua kali.

Hapa nagusa kidonda cha taifa. Siku hizi neno mbegu limetekwa nyara. Wahubiri wengine huwaambia waumini wapande mbegu, na maana yake ni noti zitiwe kapuni au zitumwe kwa simu, kisha muumini angoje muujiza wa mavuno kesho yake. Mtoto aliyepanda mchicha kwa mikono yake hatadanganyika kwa urahisi. Anajua kwamba mbegu hutiwa ardhini, si mfukoni mwa mtu. Anajua kwamba huchukua siku zake, na kwamba mavuno yake yanaweza kuonekana na kuliwa na wote mchana kweupe.

Yapo hata mabaya kuliko hayo. Mwaka 2023 tulishuhudia maafa ya Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ambako watu waliofuata mafundisho ya kufunga ili wakutane na Yesu walikufa kwa njaa msituni. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, miongoni mwayo ikiwa ya watoto wadogo. Nilipokuwa nikisikiliza habari hizo sikuweza kuacha kuwatazama wanangu. Imani inayoudharau mwili wa mtoto na chakula chake si imani ya yule aliyeulisha umati wa watu kwa mikate na samaki, na aliyewafundisha wanafunzi wake waombe riziki ya kila siku. Njia mojawapo ya kumkinga mtoto dhidi ya mafundisho ya namna ile ni kumzoesha tangu awali kuona kwamba sala na sufuria havigombani. Anapoomba baraka juu ya mboga aliyoipanda, anajua anashukuru kwa ajili ya nini.

Hata hivyo, sitaki nieleweke kana kwamba udongo una uwezo wa kumtakasa mtu. Kaini alikuwa mkulima, naye akamwua ndugu yake. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, na tukisoma kwa makini tunaona kwamba alilitaka alifanye bustani ya mboga. Bustani hiyo ingemwagiliwa kwa damu ya mtu asiye na hatia. Marehemu Askofu David Gitari, aliyeiongoza dayosisi yetu ya Kirinyaga kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Kenya mwaka 1997, alihubiri juu ya Nabothi katika siku ambazo unyakuzi wa ardhi ulikuwa umetia fora, na wakubwa hawakupendezwa. Tukumbuke kisa hicho tunapowafundisha watoto kupima matuta. Mzazi aliyemdhulumu ndugu yake mpaka wa urithi, kisha akapanda sukuma wiki juu ya dhuluma hiyo, hawezi kumfundisha mwanawe Injili humo, hata kama ataimba nyimbo za kiroho akipalilia.

Watakuwapo watakaosema kwamba mboga ni rahisi sokoni Wang'uru, kwa hiyo hakuna haja ya kujitaabisha. Ni kweli fungu la mboga halimfilisi mtu. Lakini aliyenunua amepata mboga tu. Subira haiuzwi kwa fungu. Wengine watasema watoto wana masomo mengi, na muda hautoshi. Nami ni mwalimu, nazijua kazi za ziada tunazowabebesha. Tuta la mtoto halihitaji zaidi ya robo saa kila jioni, na ninaamini robo saa hiyo humrudisha kitabuni akiwa na akili iliyopumzika. Wapo pia watakaosema kazi ya kufundisha imani ni ya mchungaji, padri na mwalimu wa Shule ya Jumapili. Hao huwa na mtoto kwa saa moja au mbili katika juma. Saa zilizosalia ni zetu.

Kwenu walimu wenzangu nina ombi. Vyama vya 4K, ambavyo jina lake linatokana na Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962, vikafifia, kisha vikafufuliwa mwaka 2021. Ikiwa tutavifufua kwa jina tu, huku tukiendelea kuwatuma wakosaji shambani, tutakuwa tumepanda kwa mkono mmoja na kung'oa kwa mwingine. Kila darasa lipewe tuta lake. Mboga zinazovunwa ziende katika chakula cha wanafunzi au wachukue nyumbani, wala zisiishie jikoni kwa mwalimu. Na mwanafunzi bora wa hesabu asisamehewe kulima. Badala yake, apewe heshima ya kupima matuta na kuhesabu miche.

Kwenu wanafunzi nasema hivi. Huenda mmeadhibiwa kwa jembe mara nyingi, na mioyo yenu imelichukia. Msilihukumu jembe kwa makosa ya aliyelishika. Ombeni wazazi wenu kipande kidogo, hata kama ni gunia moja mlangoni. Pandeni kitu, mkile, na mgawe.

Juzi mwanangu, ambaye sasa ni kijana wa sekondari, alinikosea tena. Alikwenda mjini bila ruhusa na kurudi usiku. Alisimama mbele yangu akiwa ameinamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, nikalime?" Nikamwambia hapana, akae chini tuzungumze. Tulizungumza mpaka usiku mkubwa. Alfajiri nilipoamka nilisikia maji yakimwagika nyuma ya nyumba. Alikuwa akimwagilia tuta lake la managu, na hakuna mtu aliyekuwa amemtuma.